Thomasi Tluway na Amplifaya ya Oldeani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo tunamkumbuka Thomasi Tluway wa Oldeani, mpiga gitaa la pedali, aliyefariki wiki jana akiwa na miaka sitini na miwili. Tumemzika Ijumaa, mvua ikinyesha. Mjane wake, Mama Marsela, alituomba jambo moja tu. "Msimsafishe," alisema. "Mwenyewe aliagiza wivu wake usimuliwe." Basi tutausimulia, na mtuwie radhi, maana Thomasi alikuwa na wivu hasa.

Kwa msiolijua, gitaa la pedali halikumbatiwi kifuani. Limesimama kwa miguu yake kama meza. Mpigaji anakaa, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku chini miguu inakanyaga pedali. Sauti yake inalia. Thomasi alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa, na aliyemfundisha ni meneja wa shamba hilo, Mmarekani.

Mwaka 1995, wiki chache kabla ya Pasaka, meneja alirudi kwao. Gitaa alimwachia Thomasi. Amplifaya aliiuza kwa Eliamini, mfanyabiashara kutoka Machame mwenye duka la vipuri vya magari Karatu mjini. Narudia, wasikilizaji: gitaa kwa Thomasi, amplifaya kwa Eliamini.

Na haikuwa amplifaya ya mchezo. Ilikuwa ya zamani, ya miaka ya sabini, wati mia mbili, wanaume wawili waliibeba wakipumzika njiani. Gitaa la pedali linataka nguvu hiyo. Sauti ikianza kufifia, mpigaji anakanyaga pedali ya kuiongeza, na amplifaya ndogo hapo hukoroma. Kubwa inabaki safi mpaka mwisho. Thomasi alibaki na ndogo, na kila Jumapili ilimkoromea mbele ya usharika wote.

Eliamini naye akaagiza gitaa la pedali kutoka Nairobi. "Vidole kama vya kufungulia nati," Thomasi alimwambia mkewe, "halafu ndiye mwenye amplifaya." Alikonda, jamani. Chakula hakikushuka.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Amplifaya ile ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti mia na kumi. Umeme wetu ni zaidi ya mara mbili yake. Kwa hiyo ilihitaji transfoma ya kuupunguza. Siku ya kuondoka, meneja alimkabidhi Thomasi transfoma hiyo: mpelekee Eliamini. Thomasi aliipeleka chini ya kitanda chake. "Aje mwenyewe aniombe," alisema.

Eliamini hakuja.

Pasaka ikafika, kwaya zikakusanyika Karatu. Eliamini alichomeka amplifaya moja kwa moja kwenye jenereta ya kanisa, bila transfoma. Ikavuma kidogo, ikatoa moshi, ikazima. Thomasi alikuwa benchi la pili. Alifurahi. Alikiri hivyo kwa mkewe njiani wakirudi, na kabla hawajafika Oldeani furaha ilikuwa imekwisha, kwa sababu kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kimeungua, na yeye alijua kwa nini.

Baadaye alikwenda kuomba auziwe amplifaya hivyo hivyo, mbovu. Eliamini alikuwa ameiweka dukani juu ya rafu, imefutwa vumbi. "Hiyo haiuzwi, Mzee Thomasi," alimjibu, na kumhudumia mteja mwingine. Thomasi akaona anachezewa. Wivu ukarudi na nduguze wote.

Tangu Pasaka ile Thomasi hakusogelea tena Meza ya Bwana kupokea mkate na divai, maana dhambi yake aliijua. Watu walipopanga mstari, yeye alipiga gitaa taratibu pembeni. Usharika ukadhani ni kujitolea. "Mimi nilijua," anasema Mama Marsela. "Kila mara nilikwenda mezani peke yangu, na yeye anapiga macho chini." Ikawa hivyo miaka minane.

Mwaka 2003 mchungaji akasimama kumshukuru hadharani. Alisema Thomasi amejinyima meza miaka yote ili wenzake wasikie muziki, na sasa inatosha. Jumapili ijayo mwingine atakalia kiti chake cha gitaa, naye ashiriki na wenzake. Na aliyejitolea kuja kutoka mjini kupiga badala yake ni Eliamini.

Wasikilizaji wapendwa, Thomasi alirudi nyumbani akifoka. "Amechukua amplifaya, sasa anataka na kiti changu." Mama Marsela akamjibu, "Kiti si umekikalia kwa uongo, Baba Sabina?"

Jumamosi aliingiza mkono chini ya kitanda. Aliitia transfoma kwenye gunia, akashuka nayo mjini, akaiweka juu ya kaunta ya Eliamini.

"Hii ni yako tangu tisini na tano," alisema. "Niliificha. Nilikuonea wivu."

Alisubiri kutukanwa. Eliamini alilifungua gunia, akaitazama transfoma, akalifunga tena.

"Nilijua iko kwako," alisema. "Meneja aliniambia kabla hajaondoka."

"Sasa kwa nini ulichomeka?"

"Nije kwako kukuomba? Wewe unayepiga vile? Nilisema bora iungue."

Walikaa dukani mpaka wakati wa kufunga. Mama Marsela anasema mumewe hakuwahi kumweleza mengine waliyoongea.

Kesho yake, Oldeani, hakuna aliyepiga gitaa. Thomasi alipanga mstari, na nyuma yake Eliamini. "Nilisikia viatu vya watu tu," anasema Mama Marsela. "Sijasikia ibada nzuri kama ile."

Amplifaya waliipeleka wote wawili kwa fundi Arusha. Ikapona. Walipiga kwa zamu, huku wakiendelea kuoneana wivu, msije mkadhani walikuwa malaika. Thomasi hakukubali kamwe kwamba vidole vya mwenzake vimelainika.

Kwa Mama Marsela, kwa Sabina na wadogo zake, na kwa usharika wa Oldeani, redio yenu inawapa pole. Mungu awatie nguvu. Nanyi mnaosikiliza, jioni hii kila mtu ajiulize ni kitu gani cha jirani anakishikilia, na ni kitu gani amekataa kuomba.

Nilimuuliza Eliamini pale makaburini kama wivu umekwisha, sasa mwenzake amelala. Alikuwa ameshika koleo.

"Haujaisha," alisema. "Miaka minane sote tulikuwa na neno lile lile mdomoni, na yeye ndiye aliyelisema, pale dukani kwangu."