Mama Kola na Majaketi Tuliyoyakataa

Tarehe 30 Juni, kengele ya saa kumi jioni itakapolia, Mama Kola atafunga mkasi wake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ya kukatia. Uongozi umeniomba niandike habari zake kwa kuwa hakuna aliyekaa naye kiwandani muda mrefu kuliko mimi. Sababu yangu mwenyewe ni nyingine: nina radhi ya kumwomba.

Alipoingia kazini alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mwenye haraka. Mwezi wake wa tatu alipewa majaketi mia mbili ya timu ya riadha, rangi ya damu ya mzee, yenye mistari miwili myeupe mikononi. Pateni ya kola, yaani kielelezo cha kukatia, ilikuwa haionekani, naye badala ya kuitafuta akapima kwa shingo yake mwenyewe. Shingo yake ya siku hizo ilikuwa ndefu kama ya twiga. Majaketi yalipotoka kwa washonaji, kola zilifika masikioni.

Mkaguzi wa siku hizo, yaani mimi, niliyapiga yote muhuri mwekundu wa kukataa. Kisha nikamwambia mbele ya watu kwamba kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Jina la Mama Kola lilizaliwa asubuhi ile, na halikuwa jina la sifa. Timu iliyakataa majaketi, yakagawiwa kwa aliyetaka. Yeye alimpelekea mumewe moja, na mumewe, fundi baiskeli, akalipenda kwa sababu lilimkinga upepo masikioni.

Hakukosea tena. Alifundisha karibu kila mkataji mliye naye leo, na alitambua kitambaa kibovu kwa kukipapasa tu. Mkasi wake hakumwazima mtu. Mkurugenzi aliwahi kuuomba akatie utepe wa ghala jipya, akajibiwa kwa heshima zote kwamba mkasi wa kitambaa haukati utepe. Ghala likafunguliwa kwa kisu cha jikoni.

Miaka miwili iliyopita idara ya nguo za michezo ilikuwa ifungwe, na watu kumi na tisa warudi nyumbani. Hapo akaja mama mmoja mwenye duka na picha kwenye simu: vijana mtaani wamevaa majaketi ya damu ya mzee, kola hadi masikioni, suruali pana na raba nyeupe. Waliyaokota kwenye mitumba na sasa wanayagombania. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia ya kukimbia. Mama yule alitaka majaketi elfu mbili, ila kola iwe ileile, fupi hataki hata ya bure.

Lakini nani huhifadhi pateni ya kosa? Mama Kola alikata wiki nzima, na kila kola ilitoka sawasawa, ya kupendeza, isiyofaa. Mkono uliokwisha kujifunza ulikataa kusahau. Alijaribu tena shingo yake, lakini shingo ya wakati ule ilikuwa imestaafu kabla yake. Ijumaa aliketi mezani akalia, akisema hata kuharibu kumemshinda, na watu kumi na tisa watakosa kazi kwa sababu yake.

Vijana hawakukubali kuachia yao, hivyo lilibaki jaketi moja tu tulilolijua, la mumewe, na ili kupata vipimo ilibidi lifumuliwe lote. Aliona haya kumwomba. Habari zikamfikia mzee wake kupitia kwetu sisi wambeya, na Jumatatu alikuja kwa baiskeli, akalivua getini kwenye baridi. Alisema wafumue tu, masikio yake yamezeeka, hayaogopi tena upepo. Mama Kola alilifumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja. Vipande vikawa pateni yetu, na idara haikufungwa. Leo ina watu thelathini na mmoja. Vipande vilining'inia juu ya meza yake tangu siku ile, na mzee anaendesha baiskeli amejifunga taulo shingoni.

Mama Kola, nilikuaibisha mbele ya watu kwa kazi ambayo leo inatulisha. Nisamehe.

Wiki iliyopita, ulipokuwa likizo, tulinakili vipande vile kwenye makaratasi magumu, kisha idara nzima ikaliunganisha jaketi upya. Mimi nililikagua. Ndani, chini ya kola, muhuri wangu mwekundu bado upo, umefifia. Sikuufuta. Nimepiga wa kijani kando yake.

Ukimaliza kusoma hapa kwenye sherehe ya kukuaga, inua macho uangalie kiti cha mbele, uone mzee amevaa nini. Asante kwa yote, mama yetu. Mkasi wako nenda nao, hatutauomba. Tunakuombea afya, mapumziko matamu, na maisha marefu kuliko kola ile.