Jiwe la Waridi la Bi Kidawa

Baada ya miaka ishirini na sita katika duka letu la sonara hapa Lindi, Bi Kidawa binti Nassibu anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1956. Nimeombwa niandike maneno matamu juu yake. Nitajitahidi, ingawa mwenyewe amenichosha.

Aliajiriwa kuosha pete na vidani. Hakuna aliyemwajiri awe mkubwa wetu. Lakini tajiri wetu, mwenye duka, alipoanza kuleta berili ya waridi kutoka Madagaska, jiwe lile gumu lenye wekundu wa mbali, Bi Kidawa alilishika na hakuliachia tena. Jiwe likiingia dukani, lazima alipitishe yeye. Mteja naye vilevile.

Mimi muuzaji nimeteseka. Mteja yuko kaunta, jiwe limemwingia moyoni chini ya taa ya karabai, mara Bi Kidawa anatokea nyuma na kumshika mkono hadi mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Anadai chini ya karabai hata kokoto hupendeza. Akiona jiwe limepauka, analirudisha kwenye kijaluba na biashara imekwisha. Akiona ni dogo mno, hivyo hivyo, maana rangi ya upole haionekani katika kipande kidogo. Wateja walioondoka wamenuna walirudi baadaye wakimuulizia yeye, si mimi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Fundi wetu Valentini naye ana yake. Akitaka kuchomea pete, Bi Kidawa husimama ubavuni mwake mpaka jiwe litolewe kwanza. Siku moja hakuwapo, Valentini akasahau, moto ukalipasua. Bi Kidawa alimnunia Ramadhani nzima, na Valentini, Mkristo asiyefunga, akawa anakula kwa kujificha.

Watu wa Mchinga wanamjua vizuri. Bwana harusi mmoja wa huko alitujia mbio akilia kwamba tumemuuzia kioo: pete ya mchumba wake imefifia, na wakwe wanasema ndoa isimame. Bi Kidawa alipanda naye lori lile lile lililomleta. Alikuta jiwe limegandwa na mafuta ya nazi na unga wa liwa, kwa kuwa somo, kungwi wa bibi harusi, alimsinga bila kumvua pete. Akaomba maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini na kitambaa, jiwe likang'aa. Kisha akamgeukia somo mbele ya wakwe wote: "Mafuta mpake mwali, mwanangu, jiwe liache!" Ndoa ilifungwa. Somo yule akija Lindi hadi leo hapiti mtaa wetu.

Sasa zamu imefika kwetu. Tumeamua kumuaga kwa pete ya berili ya waridi, maana miaka yote hii ameosha za wenzake na yeye hana hata moja. Kazi ya kuchagua jiwe nimetupiwa mimi. Nimelipeleka mlangoni asubuhi, adhuhuri na alasiri, nimerudisha mengine na kurudia tena, kwa siri, hadi macho yananiuma. Valentini amelitia kwenye dhahabu nyekundu ili rangi yake itokeze. Hata hivyo bado nalitoa na kulitazama tena. Atalitazama mbele ya tajiri na wageni wote, na nikiwa nimekosea, Bi Kidawa si mtu wa kunong'ona.

Bi Kidawa, ahsante kwa ukali wako, uliolipatia duka hili jina. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasikivu na mapumziko yenye raha. Ukikuna nazi, ivue pete, uiweke kwenye kifuko chake peke yake, kama ulivyotupigia kelele miaka yote.

Ukiona jiwe hili lina kasoro, tafadhali usiseme hapa ukumbini. Lilete dukani mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Na ukiona halina kasoro, tunakuomba uitafute.

Sipriani, muuzaji