Munyoki wa Mutie na Mabakuli ya Mama Rayyan

Patrobas Munyoki Mutie alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944 hapa Wamunyu, mtoto wa tatu wa marehemu Mutie na marehemu Kavutha. Alisoma papa hapa kijijini hadi mwaka 1959, baba yake alipofariki, akaweka kalamu chini na kushika patasi.

Mwaka 1963 aliingia Nairobi, akawa mchongaji katika karakana moja karibu na soko la Kariokor. Kabla ya kung'arisha kinyago cha twiga au kifaru alikilamba kwanza, aone rangi ya mti itakavyotokeza. Wageni walikunja nyuso, naye aliendelea kulamba.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Nthoki, ambaye majirani wa mtaa wa Jericho, Nairobi, wanamwita Mama Wavinya. Mjane hatakasirika tukisema kwamba ni mtu wa kushuku. Muuza maziwa alishukiwa, fundi wa bomba alishukiwa, na Munyoki alishukiwa kila alipochelewa kurudi. Marehemu alicheka tu na kuvua viatu.

Krismasi ya mwaka 1992 walikuja hapa nyumbani. Akiwa anakula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, damu ilionekana kwenye sahani yake. Alikuwa ameuma ulimi wake mwenyewe na hana habari. "Baba anajitafuna!" kitinda mimba wake, Ndunge, akapiga kelele, na wote wakacheka, yeye wa kwanza.

Machi 1994, kule Jericho, jirani mpya alihamia mlango wa pili: Waridi, Mama Rayyan, mtu wa Pwani, muuza mahamri. Mwaka uliofuata uvimbe mdogo kama mbaazi ulitokea upande wa ulimi wa marehemu. Kliniki ya meno iling'oa magego mawili, uvimbe ukabaki pale pale. Alikonda. Mtaani wakanong'ona kwamba ni ule ugonjwa wa siku hizi. Damu ilipimwa mara mbili, haikuwa na kitu, na wenye midomo waliofika leo wasikie.

Mama Rayyan alipopata habari kwamba jirani hawezi kutafuna, alianza kuleta uji wa mchele wenye tui la nazi. Mama Wavinya akaunganisha mambo: mwanamke kahamia, ulimi wa mume umeharibika. Aliupokea uji kwa tabasamu, akaupeleka uani akampa paka, apate ushahidi. Paka akanenepa, manyoya yakang'aa. Mama Wavinya akaanza kumshuku paka. Mabakuli nayo aliyaficha chini ya kitanda, maana bakuli la jirani halirudishwi tupu, na hakutaka kitu chake chochote kifike mikononi mwa yule mwanamke.

"Nthoki, harufu ya huo uji inanifikia," marehemu alimwambia. "Nipe."

"Utakufa."

"Na hii njaa, itaniponya?"

Hospitalini walikata kipande cha uvimbe, wakakipima na kusema si saratani. Mama Wavinya aliwashuku madaktari pia, na hapo, kusema kweli, alikuwa na haki. Aligoma kutoka hadi akapelekwa kwa daktari mwingine, Daktari Khavere. Huyu alisema kipande cha kwanza kilikatwa juujuu mno, akakata kingine cha ndani zaidi. Februari 1996 majibu yalitoka. Ilikuwa saratani ya tezi za mate, zile ndogondogo zilizotapakaa kwenye ulimi na kaakaa. Ni nadra sana, na wengi hudhani ni jino.

"Amelishwa nini?" Mama Wavinya aliuliza.

"Hakuna aliyemlisha kitu, mama. Chanzo chake hata sisi hatukijui. Hukua polepole, miaka, ikifuata mishipa ya fahamu. Mara nyingine ganzi hutangulia uvimbe. Yeye ganzi ilimwanza lini?"

Mama Wavinya alikumbuka sahani ya muthokoi, na kicheko. Mwaka ule hakuwa hata amemjua Mama Rayyan. Alilia pale pale kwenye benchi, kwa aibu na kwa huruma ya mume aliyemnyima uji.

Jioni hiyo alibeba mabakuli, kila moja limejaa unga wa wimbi, akabisha mlango wa pili.

"Mabakuli yangu!" Mama Rayyan akasema. "Nilidhani umefungua duka la vyombo, Mama Wavinya."

"Nisamehe, dada. Nilikushuku."

"Nilijua. Paka wenu alikuwa anakuja mwenyewe kunishukuru. Ingia."

Tangu siku hiyo marehemu aliunywa uji huo hadi mwisho. Alifanyiwa upasuaji na kuchomwa miale, lakini ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu. Alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni 1997, nyumbani Jericho, mkewe akimshika mkono.

Ameacha mjane, Nthoki; watoto, Wavinya, Kyalo na Ndunge; wajukuu wawili; na Waridi, Mama Rayyan, ambaye mjane ameagiza asomwe hapa miongoni mwa jamaa.

Baada ya maziko kuna chakula, na aliyekipika ni Mama Rayyan. Kwa nyinyi mnaotazamana hapo nyuma: mjane atapakuliwa wa kwanza, mbele ya macho yenu.

Munyoki, pumzika kwa amani. Umeshiba.