Shuka la Zamu

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, dada. Natumia simu ya dukani. Shikamoo.

DADA: Marahaba, fundi wangu. Mbona asubuhi asubuhi? Mama anaumwa?

FUNDI: Wote wazima. Sikia, salio lenyewe la kuungaunga. Mteja wa vyerehani yuko hapa nje. Nikikubali anabeba vyote viwili, na sisi tunakuja huko mjini. Mimi, wifi yako na watoto.

DADA: Leo?

FUNDI: Leo hii. Huku maisha yamepanda hadi basi, kodi ya duka ndiyo usiseme. Nipe bei za huko. Unga?

DADA: Unga nafuu.

FUNDI: Si nilisema! Nauli?

DADA: Natembea.

FUNDI: Kumbe kazini karibu?

DADA: Nimezoea.

FUNDI: Haya, chumba. Kimoja tu, cha kuanzia.

DADA: Haloo? Mtandao huu—

FUNDI: Nakusikia vizuri. Chumba.

DADA: Inategemea mtaa, unajua—

FUNDI: Chako wewe! Unalipa ngapi?

DADA: (kwa pembeni) Dakika moja, mama, namaliza. — Eti?

FUNDI: Nani huyo anasema utoe shuka?

DADA: Mwenzangu wa hapa, achana naye.

FUNDI: Dada. Shuka gani?

DADA: Lile la maua ulilonishonea.

FUNDI: Analitakia nini?

DADA: Halitaki. Anataka kulala. Yeye anatoka kazini sasa hivi, mimi ndiyo naingia. Kila mtu anatandika lake, zamu ikiisha analitoa.

FUNDI: Kitanda kimoja?

DADA: Bei ya chumba siijui, mdogo wangu. Sijawahi hata kuulizia. Naijua ya nusu kitanda.

FUNDI: Na ile picha ya sebule uliyotutumia? Wifi yako keshachagua na rangi ya mapazia!

DADA: Ni ya ninapofanya usafi.

FUNDI: Miaka yote hii umenificha! Mimi, ndugu yako!

DADA: Niliona aibu. Mama anavyonisifia kwa majirani... ningeanzia wapi?

FUNDI: (kwa mteja) Nakuja, kaka, usiondoke!

DADA: Usiuze! Unanisikia? Usiuze hata kimoja.

FUNDI: Nauza kimoja.

DADA: We mwendawazimu? Nimekwambia—

FUNDI: Kimoja tu. Hiyo nauli yako ya kurudi.

DADA: Acha masihara. Na wewe utakula nini?

FUNDI: Kinabaki kimoja. Tutashona kwa zamu, mimi na wewe. Ukichoka unaenda kulala kitandani kwako, mlango umeufunga.

DADA: (analia) Usinifanyie hivyo, bwana.

FUNDI: Lia ukifika.

DADA: Na dawa za mama? Si zinatoka kwenye hiki hiki ninachopata huku? Nikirudi nani—

FUNDI: Dawa tuta— sikiliza, salio lina—

DADA: Tutafanyaje? Haloo? Fundi? ... Haloo?

DADA: (kwa pembeni) Haya, mama. Natoa. Natoa shuka.