Bi Barke na Karai la Hodi

Salamu kwanza ziende Mtongwe, nyumbani kwa Bi Barke: kwa mwanawe Mahir, kwa mkaza mwanawe Hanan, na kwa mjukuu wao Sufyan, waliotuazima mama yao miaka yote hii. Sisi wa kibanda cha makombe ya bahari hapa Shika Adabu hatujambo, ila roho nzito. Bi Barke Mohdhar anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa.

Alianza mwaka 1996, kazi yake kuchambua makombe yatokayo mwambani kabla hatujayasugua tukayatunga kuwa mapazia. Kazi ndogo? Hebu ngojeni. Humo huwamo yule konokono wa bahari tumwitaye bi harusi, kwa gamba lake lenye nakshi kama hina. Ana mwiba wa sumu anaowindia samaki, na mtu pia humchoma. Dawa yake hakuna. Akijikunja ndani, utadhani ni gamba tupu.

Ndipo Bi Barke akazua karai lake. Kila bi harusi humtia kwa koleo ndani ya maji ya bahari, akaligonga karai: "Hodi wenyewe!" Kisha hunywa kahawa yake polepole, akingoja. Aliye hai hutoa mkonga, naye hurudishwa baharini. Wageni walitucheka, eti twabisha hodi kwa konokono. Lakini hapa hajachomwa mtu, wallahi. Na ole wako akuone umetia kombe kibindoni! Mimi alinifungua leso mbele ya watu: "We Nyamvula, hicho kibindo cha tambuu au cha jeneza?" Niliona haya. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, machozi yanitoka.

Mwezi wa Mei macho yake yalishaingia ukungu. Akanyoosha mkono mtupu kumchukua bi harusi aliyemdhani kauri. Mwanangu Safa akapiga ukelele, "Bibi, yu hai huyo!" Mkono ukasimama. Bi Barke akampa koleo. "Shika wewe. Mimi basi."

Mimi mama, nikisema siogopi nitakuwa mwongo. Usingizi sina. Lakini juzi nimemtazama Safa akigonga karai, akangoja mpaka kikombe kikaisha, na kahawa yenyewe haipendi.

Bi Barke, ahsante. Mola akupe afya na mapumziko ya raha. Madaktari wakishakutoa huyo mtoto wa jicho, tuletee habari siku hiyo hiyo, usitungojeshe. Utuambie ulichokiona kwanza.

Nyamvula, mama Safa