Mashine Mbili na Kitenge cha Tumboni

Mbukwenyi, ndugu zangu. Sifa zote ni za Bwana, na wewe uliyezoea kukaa nyuma karibu na mlango, pokea salamu hii pia. Ushuhuda huu nilishausema kanisani kwetu Hombolo nikiwa nimesimama wima, bila kushikilia benchi. Akina mama wakaniambia niuandike kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetafuta maneno mazuri aende kwingine. Mimi nitaandika kilichotokea.

Wananiita mama Neema. Nimezaa, nimelea, nimezika mume, na shamba la zabibu aliloniachia bado ni mimi ninayelihangaikia.

Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa tumbo. Mama mkwe wangu alinifunga kitenge kwa mikono yake, akavuta mpaka pumzi ikanitoka, akasema tumbo lisipofungwa halirudi. Kila uzazi alinifunga. Alipofariki nikaendelea kujifunga mwenyewe, hata baada ya kuacha kuzaa, maana mwili ulishazoea. Shambani nimejifunga. Kanisani nimejifunga, gauni likiwa juu yake. Hakuna aliyeona ajabu. Akina mama mnaonisoma mnajua kwamba jembe halishikiki kama kiuno hakijafungwa.

Sasa ndani ya kitenge kile kulikuwa na kitu. Pale kitovuni paliota kinundu laini. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya zabibu, miaka ikaenda kikawa kama yai. Nikilala kinaingia ndani. Nikisimama kinatoka. Nikikohoa kinanisukuma mkono. Nikasema hili ni tumbo la uzazi limelegea, nikakaza kitenge, kikatulia. Nikaona nimemaliza.

Ndugu zangu, kukaza si kuponya. Mimi hilo nimelijua nikiwa bibi.

Msimu mmoja wa mavuno niliinama shambani ninyanyue kreti la zabibu. Tumbo likanikata kama limeshikwa na koleo. Nikatapika pale pale katikati ya mistari. Kile kinundu kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikalala chali chini ya mizabibu, naangalia majani, namwita Yesu kwa sauti ndogo ili vibarua wasisikie. Baada ya muda kikalainika, kikarudi ndani. Nikainuka, nikajifunga tena, nikawaambia vibarua nilikuwa natafuta mkasi wa kukatia zabibu.

Sikumwambia mtu. Niwaambie kwa nini. Mume wangu aliingia chumba cha upasuaji akatoka amefunikwa shuka. Tangu siku ile, neno kisu cha daktari nikilisikia naondoka mahali pale. Niliona afadhali kitenge.

Halafu ikaja Jumapili moja nikapiga magoti kwenye maombi, wakati wa kuinuka nikashindwa. Tumbo halikuwa na nguvu hata kidogo. Walinishika mkono huku na huku, wakaninyanyua kama gunia. Wifi yangu Yuditha, dada wa marehemu mume wangu, mnaujua mdomo wake, akanitazama tumboni mbele ya wote.

"Wifi, huyo mtoto ni wa nani? Kaka yangu si tulishamzika?"

Kanisa zima likacheka. Nikamjibu, "Ni wa ukoo wenu. Utamlea wewe." Wakacheka tena. Lakini nyumbani nilikaa kwenye kigoda sikupika.

Habari ikamfikia mwanangu Neema, anayeishi Area D kule mjini. Akaja na simu yake, akanionyesha wanawake waliolala kwenye vitanda vyeupe. Akasema, "Mama, siku hizi hakuna kupasuliwa. Unalala tu, mashine inafanya kazi, unarudi nyumbani kupika."

Hakuna kupasuliwa. Neno hilo liliingia moyoni mwangu kama maji kwenye ardhi ya kiangazi.

Akanieleza kwamba ziko mashine mbili, na mtu anachagua. Ya kwanza ni ya baridi. Inabana nyama ya tumbo na kugandisha mafuta yaliyo chini ya ngozi, yanakufa, halafu mwili unayatoa taratibu kwa wiki nyingi. Ya pili haitumii baridi. Inavuta misuli ya tumbo ikaze na kuachia, ikaze na kuachia, kama mtu anayelima huku amelala.

Neema alitaka ya baridi. "Mama, una mafuta."

"Mafuta ya wapi? Mimi nakula ugali wa mtama na mlenda."

"Mafuta hayaulizi umekula nini, mama."

"Usinifundishe tumbo langu. Wewe ulitoka humo humo."

Mimi nilitaka ile ya kukaza misuli. Nilijiambia, shida yangu si unene, ni kukosa nguvu ya kuinuka mbele za Mungu. Na mashine inayolima, hiyo ndiyo ya mkulima. Tulibishana mimi na mwanangu mpaka chai ikapoa. Yeye baridi, mimi kukaza. Usiku nikampelekea Bwana. Nikamwambia, Bwana, ziko mbili, nionyeshe moja. Nikafunga kwa maombi, sikula kitu. Ndugu zangu, nilimwekea Mungu mezani vitu viwili kama mtu anayemchagulia mgeni kiti. Kumbe yeye alikuwa amesimama mahali pengine kabisa.

Tukaenda mjini penye hizo mashine, na mimi bado nimeshikilia ile ya kukaza. Ile sehemu ni safi, inanukia, ukiingia unaona haya ya viatu vyako. Neema nikamwacha nje, maana kwetu mama havui nguo mbele ya binti yake. Ndani nikamkuta dada mmoja amevaa koti jeupe, umri wake na wa Neema ni mmoja. Akanipa shikamoo vizuri, akaniketisha, akaanza kuuliza. Bibi, una chuma chochote mwilini? Nikasema hapana. Una kifaa cha moyo? Hapana. Ulishapasuliwa? Hapana, na Bwana aniepushe. Una uvimbe wowote? Nikasema hapana, kwa sababu kwangu uvimbe ni jipu au jino. Kile changu kilikuwa ni tumbo la uzazi.

Akauliza, "Una ngiri?"

Hapo nikachoka naye. Nikamwambia, "Binti, ngiri ni ya wanaume. Mimi unaniona ni mwanaume?"

Sikusema kwa upole. Yule dada angeweza kukasirika, akaniwashia mashine yake yakaisha. Lakini aliweka kalamu chini.

"Bibi, nani kakuambia ngiri ni ya wanaume?"

"Kila mtu anajua."

"Basi nisamehe, mimi sijui. Naomba ufungue hicho kitenge nione."

Nikakataa. Nikamwambia tangu mama mkwe wangu afe hakuna aliyeona ndani ya kitenge hiki, wewe ni nani? Pimia juu ya nguo. Akacheka kidogo, akasema, "Bibi, hata fundi cherehani hapimi juu ya koti." Kisha akaacha kucheka. Akapiga magoti chini, kwenye sakafu ile safi, ili macho yake yawe chini ya macho yangu kama mjukuu anavyotakiwa. Akasema, "Bibi, ukikataa, mashine siwashi. Nitakuombea radhi kwa mwanao, mtarudi nyumbani. Lakini siwashi."

Nikafungua. Fundo lilikuwa gumu, akanisaidia. Akanilaza. Akaweka vidole viwili kitovuni, akasema nikohoe.

Nikakohoa. Kikatoka.

Halafu akanifunika tumbo kwa kitenge changu mwenyewe, taratibu, bila kufunga. Akaniambia kwamba hii ndiyo ngiri, na wanawake wanaipata, hasa waliozaa sana na kubeba mizigo. Ukuta wa tumbo umeachia tundu, na kinachochungulia pale kinaweza kuwa utumbo. Akauliza kama kimewahi kuwa kigumu na kuniuma. Nikamwambia habari za kreti na kutapika. Ni yeye wa kwanza kuambiwa duniani.

"Bibi," akasema, "kati ya mashine hizi mbili hakuna hata moja nitakayokuwekea. Hii ya baridi inabana na kuvuta, hapo hapatakiwi kubanwa. Na hii ya kukaza misuli, ambayo ndiyo uliyoitaka, ingeweza kuusukuma utumbo ukanasa kwenye tundu. Nenda hospitali leo. Usiende kesho."

Mimi nilikuwa nimechagua ile ya kukaza, jamani. Niliichagua kwa maombi na kwa kufunga.

Nje nikamwambia Neema turudi Hombolo, nitafikiri. Kwa sababu nilijua hospitali watasema nini. Watasema kisu. Tukaingia kwenye bajaji, dereva akauliza tunaelekea wapi, mimi nikasema stendi, yeye akasema hospitali. Dereva akazima injini akasubiri wenyewe tupatane. Neema akaanza kulia. Kisha akasema neno ambalo tangu msiba hakuna mtu nyumbani kwetu aliyethubutu kulisema.

"Mama, baba hakuuawa na kisu. Alisema anafikiri. Tukamwacha afikiri mpaka alipokuwa hawezi hata kuongea. Ndipo tukampeleka."

Nikatazama nje. Ni kweli. Nilikuwepo. Kwa miaka yote nimekuwa nikikichukia kisu, na kisu kilikuja kukuta kazi imeshaharibika.

Nikamwambia dereva, "Baba, twende hospitali. Usipite kwenye mashimo."

Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Alisema maneno yale yale ya yule dada. Nikamuuliza kama naweza kujifunga kitenge tu mpaka Bwana aniite. Akasema, "Bibi, kitenge kinaficha tundu, hakilizibi. Na hiki kitu kikinasa tena, kinaweza kisirudi." Nikamuuliza mafuta je? Akasema hayo tumboni mwangu hayana haraka. Misuli je? Akasema ikishashonwa na kupona, nitafundishwa mazoezi mepesi, mengine nitafanyia kitandani.

Usiku wa kuamkia upasuaji niliogopa, siwezi kuwadanganya. Imani si kukosa woga. Nilimwambia Bwana, nilikuomba unichagulie moja kati ya mbili, ukazikataa zote ukanipeleka kwenye kile ninachokiogopa. Basi ingia na mimi mle ndani, maana mume wangu aliingia na mimi nikabaki nje. Nikalala usingizi mpaka waliponiita.

Nikatoka hai. Nilipofumbua macho aliyekaa kwenye kiti ni wifi Yuditha, na kikapu cha uji. Alifika kabla ya mchungaji. Akanipangusa midomo, akanitazama tumboni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Wamemrudisha alikotoka."

"Alifanana na nani?"

"Mdomo alichukua wako. Nyamaza, wifi, nikicheka nyuzi zitakatika."

Akanyamaza kweli, na kwa Yuditha huo nao ni muujiza. Ndiye aliyenichotea maji mpaka daktari aliponiruhusu kushika ndoo ndogo. Mavuno ya msimu ule alisimamia yeye, na kreti sijalinyanyua tena. Nanyoosha kidole tu, kama bosi.

Jumapili iliyopita nilipiga magoti pale pale. Wakati wa kuinuka wifi akaleta mkono wake. Nikamwambia auache. Nikaweka kiganja kwenye benchi, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikainuka mwenyewe. Tumbo bado ni kubwa. Liacheni. Ni langu, lina ukuta, na Bwana ndiye aliyesimama penye tundu mpaka fundi alipofika.

Namshukuru Mungu kwa Neema, ambaye machozi yake yalijua njia ya hospitali. Namshukuru kwa yule dada, ambaye angeweza kuchukua hela ya mwanangu akanyamaza. Mashine zake sizisemi vibaya. Wako wanaozihitaji na mwili wao unaziruhusu, na uchaguzi ni wao. Lakini kabla hujachagua kati ya hii na ile, ruhusu mwenye kujua akuone. Jibu maswali yake kweli. Na ukimwomba Mungu, usimpangie majibu.

Sasa nasema na wewe mama uliyejifunga. Najua mko wengi, maana tangu niseme ushuhuda huu wameshanijia wawili kimya kimya baada ya ibada. Kile kitu chako kinachoingia ukilala na kutoka ukisimama, usikikaze tena. Mwamini Bwana kiasi cha kufungua fundo. Kama unaona haya, njoo nyumbani kwangu, ni pale shamba la zabibu linapoishia. Tutafunga mlango, tutaomba, na habari yako haitatoka nje. Asubuhi tutapanda gari pamoja kwenda mjini. Nitakaa na wewe kwenye benchi la hospitali mpaka waite jina lako, na ukitoka utanikuta.