Nilisema Hakuna Masereka Mwingine

"Huyo wa Nairobi atalala jela." Hayo ndiyo yaliyosemwa hapa Bwera, na baadhi yenu mliosema mmeketi mbele yangu mkinitazama kama watu wasiojua kitu. Mlisema hakuna anayesimama mbele ya hakimu bila wakili akatoka salama. Mlisema diploma ya magari si diploma ya sheria. Mmoja, jina sitalitaja ila leo amevaa kofia, alisema hata koti la kuvaa mahakamani sina. Huyo alisema kweli, na nitafika hapo.

Wanachama wenzangu wa chama cha madereva, mmeniomba nisimulie nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitasimulia kwa mpangilio, maana nimesoma.

Niliondoka hapa nikiwa na kaptura moja. Nikakaa Nairobi miaka sita, nikifagia gereji mchana na kusoma jioni, hadi nikapata diploma ya ufundi wa magari. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna padri aliyeniandikia barua. Niliporudi, miaka ya mwanzo ya sabini, nilikuwa dereva pekee katika barabara ya kutoka Mpondwe mpaka Kasese aliyeweza kushusha injini, kuifungua yote na kuirudisha bila nati kubaki chini. Tajiri mmoja alinipa lori lake la kubeba pamba na kahawa. Mshahara wote nikautia katika nyumba ya mabati, nikaipaka rangi ya bluu, watu waione kutoka barabarani. Basi mkitaka kujua kwa nini sikuwa na pesa ya wakili, itazameni nyumba ile.

Siku moja nilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi barabarani, karibu na Kinyamaseke. Polisi akachukua leseni yangu, akaisoma, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma nayo.

"Wewe ni Yohana Masereka?"

"Ndiye mimi, afande."

"Dereva?"

"Dereva na fundi. Nina diploma."

"Shuka. Leseni yako ilifungiwa na mahakama miezi sita. Bado mitatu. Unaendesha kwa nini?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuwa nimewahi kukanyaga mahakama yoyote. Nilimwambia hivyo, akanijibu, "Utamwambia hakimu." Lori likabaki pale. Nikapewa karatasi ya kuitwa mahakamani Kasese. Nikiukosa ushahidi, ni jela, na nikitoka sishiki tena usukani. Tajiri naye akasema maneno mafupi: "Kamalize mambo yako kwanza."

Wakili wa karibu alikuwa Fort Portal. Karani wake aliniambia bei, nikamshukuru, nikatoka.

Sasa sikilizeni nilivyofikiri, maana hapo ndipo nilipoangukia. Nilijiambia: kama sijawahi kushtakiwa, na karatasi inasema nilishtakiwa, basi kuna mtu ameniandikisha. Nani? Nikaanza kuwahesabu. Kaka yangu, Bwambale, aliyebaki na shamba la baba kule Rukoki, alikuwa haniiti tena kwake tangu nijenge. Nikamweka wa kwanza. Jirani aliyeuliza mara mbili rangi ya bluu niliinunua wapi, nikamweka. Na juu yao wote nikamweka mfanyabiashara Mkongomani aliyetoka Butembo na kufungua duka la maharagwe pale sokoni. Yeye alikuwa na lori kuukuu na aliwahi kuniomba niliendeshe, nikakataa kwa sababu gari lile lilikuwa aibu kwa mtu wa kiwango changu. Nikasema, huyu analipiza.

Siku ya kwanza mahakamani nilikataa mkalimani. Nikazungumza Kiingereza cha diploma. Karani akasoma shtaka, nikalikana. Hakimu, mtu mpole mwenye miwani, akaniuliza swali moja. Laiti ningelifikiri kabla ya kufungua kinywa.

"Je, katika barabara hii yuko dereva mwingine mwenye jina kama lako?"

Nilidhani ananidharau. Nilidhani anauliza kama nafahamika. Nikainua kifua. "Mheshimiwa, hakuna. Dereva Yohana Masereka ni mmoja tu, kutoka Mpondwe mpaka Kasese. Muulize yeyote."

Hakimu akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akanipa wiki mbili nilete mashahidi wangu, mdhamini wangu akawa katekista wetu.

Mnacheka? Chekeni. Nyinyi ni Bakonzo, mmekwisha kuona nilichokifanya. Mimi sikukiona, kwa sababu macho yangu yalikuwa yakitafuta adui.

Wiki mbili zile nilikuwa mtu wa kuchungulia. Salamu ya mtu niliipima kama mfanyabiashara anavyopima sarafu kwa meno. Kaka yangu alitoka Rukoki kwa miguu akaniletea koti lake la harusi.

"Hakimu asikuone na shati la oili," akasema. "Chukua, Masereka. Utalirudisha."

Mtu asiyeniita kwake, leo ananiletea koti? Alipoondoka nililipekua mifuko. Sikupata kitu. Nikachukua wembe nikachana bitana ya mgongoni, nione kama hakushonea dawa ndani. Naona haya, lakini nimeahidi ukweli. Ndani mlikuwa na pamba ya fundi cherehani, basi.

Katekista akaniazima viatu vyeusi, vyembamba, vya kunibana vidole. Nikajiuliza kwa nini viatu, na kwa nini vya kunibana. Mjane mmoja wa hapa akaniazima baiskeli ya marehemu mumewe niende nayo Kasese. Nilikagua breki mara nne.

Na Mkongomani je? Nilimwona mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa Kinyamaseke, amesimama na yule polisi wa kizuizini, wanaongea kama watu wa nyumba moja. Mara ya pili alikuwa Kasese, nje ya mahakama, na karani. Mnajua wakati ule wa utawala wa wanajeshi ulivyokuwa. Mtu aliyeonekana akiongea na watu wa serikali alitazamwa mara mbili. Sikuhitaji ushahidi zaidi.

Siku ya soko nikamfuata dukani kwake, watu wamejaa, nikapaza sauti.

"Wewe mkimbizi! Tulikupa mahali pa kulala, sasa unatuuza kwa polisi! Kesho utamuuza nani?"

Neno kama hilo, wakati ule, lingeweza kumfikisha mtu mahali pabaya. Alikuwa na debe la maharagwe mkononi. Akalimimina polepole katika gunia la mteja, akalitingisha mpaka haragwe la mwisho likaanguka.

"Shofa," akasema, maana kwao dereva ni shofa, "kesi yako iko siku gani?"

"Unajua siku gani! Wewe ndiye uliyeipanga!"

"Ni Jumanne," mke wake aliyekuwa nyuma akamjibu. "Nilishakuambia ni Jumanne. Acha huyu apige makelele, maharagwe yanaisha."

Nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Jumanne ikafika. Nikavaa koti na viatu, nikaendesha baiskeli kutoka alfajiri, nikafika Kasese vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa nimeandika hotuba kurasa tatu. Nikaianza. Nikazungumza juu ya wivu, juu ya wabaya wa maendeleo, juu ya watu wanaochukia mabati ya wenzao. Hakimu akavua miwani.

"Bwana Masereka, mtaje adui mmoja, na kitu alichokifanya, na aliyemwona akikifanya."

Ndugu zangu, nilizifunua karatasi zangu. Kurasa tatu zilikuwa mkononi, na ndani yake hamkuwa na jibu hata moja la swali lile. Nilijua majina. Kitu walichokifanya sikukijua. Nikasimama pale katika koti la mtu niliyemshuku na viatu vya mtu niliyemshuku, nikaisikia jela ikinikaribia.

Nyuma ya chumba mtu akasimama. Mkongomani.

"Kaa chini!" askari akafoka.

"Afande, samahani. Mi niko na mutu hapa. Zuzi amuone tu." Zuzi kwao ni hakimu.

"Mtu gani?" hakimu akauliza.

"Masereka."

"Masereka ndiye huyu aliyesimama."

"Hapana, zuzi. Ule ni mumoja. Huyu ni mwingine."

Kando yake akainuka mtu mwembamba, ameshika kofia yake na karatasi iliyokunjwa. Hakimu akamwita mbele.

"Jina?"

"Yohana Masereka, mheshimiwa."

Watu wakacheka, askari naye akacheka.

"Kazi?"

"Nilikuwa dereva. Sasa nalima vitunguu. Ni wewe mwenyewe uliyenifungia leseni, nilipoangusha lango la kiwanda cha pamba. Risiti ya faini ni hii. Tangu siku ile sijashika usukani, muulize mke wangu, amechoka kuniona nyumbani."

Hakimu akavaa miwani, akamtazama. "Lango," akasema. "Nakukumbuka." Karani akafungua kitabu cha kesi. Jina lilikuwapo, namba ya leseni haikuwapo, kwa sababu siku ile yule bwana alikuja bila leseni yake, na aliyenakili orodha ya polisi alinakili jina tu.

Hakimu akanigeukia. "Wewe uliniambia hakuna mwingine."

Kiingereza kikanikimbia chote. Nikajibu kwa Kiswahili. "Nilijisifu, mheshimiwa."

"Karani, andika hivyo hivyo."

Akaifuta kesi, nikarudishiwa leseni yangu mkononi.

Nje nilimkuta Mkongomani akifunga gunia kwenye baiskeli yake. Nilimuuliza alijuaje.

"Diplôme yako haikukufundisha kuhesabu mpaka tatu?" akasema. "Kwenu mutoto mwanaume wa tatu ni Masereka. Kwetu Butembo ni Kasereka. Mi mwenyewe ni Kasereka. Nikiitwa sokoni, nusu ya soko inageuka. Na Yohana? Kila misa wanabatiza Yohana. Nikajiambia, iko mwingine. Nikauliza polisi, nikauliza karani, nikapita kila senta ya maduka. Nimeona Masereka saba. Watatu hawajui hata baiskeli."

"Lakini nilikutukana."

"Ulinitukana. Ile iko kesi ingine."

Tajiri alinirudishia lori juma lile. Nikaanza kuwalipa walioniazima, kwa sababu sikuzoea kubaki na kitu cha mtu. Baiskeli nilimrudishia mjane na tairi mpya ya nyuma. Viatu nilivipaka rangi, nikamshukuru katekista, naye akasema, "Najua vinabana, ndiyo maana sivivai." Koti nililipeleka kwanza kwa fundi, ashone nilipochana, kisha nikalibeba hadi Rukoki. Kaka alipitisha mkono mgongoni akagusa mshono.

"Nini hapa?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Dawa? Masereka, ningekuwa na dawa ningeitia kwenye mihogo." Tukala mihogo hiyo. Akaniambia hakuwa ameniita kwa sababu nyumba yake ni ya nyasi, aliona nitaona haya kuketi ndani. Wazia! Miaka miwili kila mmoja amekaa kwake, anamshuku mwenzake.

Akabaki mmoja. Kwa kosa la maneno sisi tunatoa mbuzi, kwa hiyo nikanunua mbuzi dume, mnene, nikamfunga mlangoni kwa Mkongomani. Akamtazama pembe, akamtazama meno.

"Mbuzi nitakula," akasema. "Lakini maneno uliyatoa mbele ya batu. Utayachukua mbele ya batu."

Nilikuwa mtu wa diploma, nina nyumba ya bluu. Ningeweza kusema mbuzi anatosha. Nilimwachia mbuzi, nikarudi nyumbani, nikasubiri siku ya soko, na usingizi sikuupata vizuri.

Vijana wenye magari, nawaambieni jambo moja. Karatasi ikikuandika vibaya, tafuta kwanza kosa, adui utamtafuta baadaye. Kosa lina mahali pake, linaonekana. Adui wa kuwaziwa hana mwisho, kila anayekuazima koti anafanana naye. Nami nawashukuru wote watano: kaka yangu, katekista, mama wa baiskeli, Masereka wa vitunguu, na huyu ndugu wa Butembo ambaye bado anatuuzia maharagwe.

Siku ya soko nilipanda juu ya gunia, mchana, watu wamejaa. Nikasema kwa sauti ile ile niliyotukania: "Huyu bwana si msaliti. Mimi niliyesema hivyo nilisema uongo. Alitembea wiki mbili kunitafutia ukweli, nikamlipa matusi. Ameniokoa jela." Nikashuka. Mkongomani alikuwa akimpimia mtu maharagwe, akamaliza, akaniangalia.

"Sasa imeisha," akasema. "Shika upande ule wa gunia, shofa. Wateja wanangoja."

Nikashika. Siku ile sikudaiwa na mtu yeyote.